Mota ya fezi tatu kwenye umeme wa nyumbani: kapasita, inveta au konveta?

Mkereza wa Barani, Malindi
Assalaam aleikum mafundi. Mashine ya kukereza ina mota ya kilowati 1.5. Kibati kinasema 240/415 V, Δ/Y (delta/nyota), amperi 6/3.5. Karakana ina fezi moja tu, volti 240. Kazi ni bushi za shaba na shafti za rafadha. Nichukue njia gani?

Umeme Langoni, Lamu
Waaleikum salaam. Kibati kimeshakupa nusu ya jibu. Kila koili imesukwa kwa volti 240, basi ukiifunga delta, yaani koili zishikane kama pembetatu, mota inakubali volti 240 za nyumbani. Fungua kisanduku chake. Vibati vya kuunganishia vikiwa vimelala upande mmoja, hiyo ni nyota, yaani koili zote zimekutana kwenye fundo moja. Visimamishe wima: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Ukiiacha nyota, nguvu ya kuzungusha hushuka hadi thuluthi, mota inanguruma na kuungua, kisha inalaumiwa inveta, kile kifaa cha kielektroniki cha kugeuza fezi moja kuwa tatu.

Mota iliyoandikwa 415 V pekee, yenye nyaya tatu tu, fundo la nyota limo ndani. Msuka mota alitafute, alifungue, atoe nyaya sita, na apime kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme kwenye koili) ya volti 500 kabla ya kurudisha kifuniko.

Fundi Mkomani
Kapasita ndiyo rahisi kwa bei. Hesabu ni takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, kwa hiyo wewe karibu 100, za kufanyia kazi muda wote, volti 450 AC. Za kuwashia ongeza 200 hivi, na zikatwe mota ikishika mwendo, sekunde moja au mbili. Zikibaki hupasuka.

Lakini kwa kukereza siipendekezi. Kapasita husawazisha fezi kwenye mzigo mmoja tu. Mashine hii huzunguka tupu nusu ya siku, na ikiwa tupu koili moja hubeba mkondo kupita kiasi. Nguvu nayo hubaki kama 60 hadi 70 kwa mia. Ifae kinoo.

Maweni Mitambo
Inveta, bila shaka, kwa mashine moja. Chukua ya kuingiza 240 V fezi moja na kutoa 240 V fezi tatu, kilowati 1.5 au 2.2. Usiichomeke kwenye soketi ya amperi 13: hata ya 1.5 huvuta 14 au zaidi. Ipe laini yake, waya wa milimita 4 za mraba, na breka ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu chake.

Inveta ifungwe moja kwa moja na mota. Usiweke swichi katikati. Kukata mzigo ikiwa inafanya kazi kunaiua. Ile swichi ya mashine ya mbele na nyuma ihamishie kwenye vituo vya amri vya volti ndogo vya inveta. Kwenye mipangilio ya inveta andika amperi 6, volti 240, hezi 50. Chini ya hezi 25 feni ya mota haipozi vya kutosha, basi kwa shafti nene shusha mwendo kwa gia na mkanda.

Umeme Langoni, Lamu
Na huku pwani hewa ya chumvi na vumbi la chuma huila bodi. Weka inveta ndani ya sanduku lililofungika, mbali na chipu za chuma kinachokerezwa, na nafasi ya kupoa. Earth iwe ya kweli. RCD (breka inayokata umeme ukivuja) ya kawaida ikikatika ovyo, usiiondoe. Tafuta ya aina F au B kama kitabu kinavyoelekeza.

Fundi Mkomani
Konveta ya kuzungusha, yaani mota inayozunguka muda wote ili kuzalisha fezi ya tatu, itafaa ukiwa na mashine tatu au nne. Mota yake ya kuongoza iwe mara moja na nusu ya ile kubwa kuliko zote, pamoja na kapasita za kusawazisha. Ila inapiga kelele kutwa, na nyumba zetu zinashiriki ukuta.

Mkereza wa Barani, Malindi
Shukrani. Inveta basi. Niiwekee sekunde ngapi za kusimama?

Maweni Mitambo
Chaki yako, ile inayoshika kazi, imefungwa kwa nyuzi au kwa boliti?

Mkereza wa Barani, Malindi
Kwa nyuzi.

Maweni Mitambo
Basi kuanza sekunde 3, kusimama 5, na zima kabisa amri ya kuzungusha kinyume. Breki ya ghafla hufungua nyuzi, chaki ikaruka kutoka kwenye spindo.