Masika, watoto watatu, vyumba viwili: tufanye nini ndani?

Mama Watatu (Dar es Salaam):
Habari zenu jamani, naombeni ushauri. Nina watoto wa miaka 9, 6 na 3. Shule zimefunga na hii mvua tangu juzi haijapumua. Uwanja wetu ni dimbwi, na mtaro ukishafurika siwaruhusu kukanyaga nje kabisa, maana najua maji yale yanabeba nini. Asubuhi napika maandazi ya oda, kwa hiyo hadi saa 4 niko jikoni. Wao ni katuni, na umeme ukikatika ni vita. Niliwapa karatasi na kalamu za rangi: mkubwa alimaliza kwa dakika 10 akaanza kumchokoza mwenzake, mdogo akachora ukuta wa mwenye nyumba. Hela ya midoli sina kwa sasa. Nataka kazi za mikono, kwa vitu vilivyomo ndani, na wote watatu wapate nafasi. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu wa Chekechea:
Pole sana dada. Anza na choroko, usianze na maharage. Maharage yanakawia, na wa miaka 3 hawezi kungoja. Loweka choroko usiku, asubuhi kila mtoto azitandaze juu ya pamba mbichi kwenye kifuniko cha kopo. Pamba ilowe tu, isielee maji, zitaoza. Kwa joto la Dar, ndani ya siku moja au mbili utaona kijimzizi cheupe.

Sasa utamu wenyewe uko hapa: vifuniko viwili viweke dirishani, kimoja kifiche kabatini gizani. Usiwaambie kitakachotokea. Mkubwa abashiri, aandike, na kila siku achore anachokiona. Hapo karatasi zitapata kazi ya maana. Wa miaka 6 apime urefu kwa rula. Mdogo anyunyizie maji kwa kijiko. Ila punje kavu zisikae karibu naye, watoto wa umri huo huzitia puani kabla hujageuka.

Baba wa Mbagala:
Mvua hiyohiyo iwape kazi. Sisi tulitengeneza kipima mvua. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 yenye pande zilizonyooka, kata sehemu ya juu (kata wewe mwenyewe), kisha igeuze uitumbukize ndani iwe kama faneli. Chini tia kokoto, mimina maji yazifunike, piga mstari: hapo ndipo sifuri. Kuanzia hapo bandika ukanda wa karatasi wenye milimita. Iweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti, uizungushie matofali isianguke. Isomwe kila siku saa 3 asubuhi, ndio muda wa vituo vya hali ya hewa kupima.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Wangu wa darasa la nne alipima paa letu, mita 6 kwa 5. Siku iliyonyesha milimita 20 akapata lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kwa nini basi tunanunua maji. Jumamosi ile tulifunga mfereji wa bati pamoja.

Mkishasoma, mwageni na kurudisha kwenye sifuri. Maji yakikaa wiki yanazaa mbu.

Shangazi Mkarimu:
Mdogo mpe unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kidogo kidogo hadi ukandike. Anafinyanga asubuhi nzima.

Mpenda Udongo:
Shangazi, hapo tunatofautiana. Kwetu chakula hakichezewi, na bei ya unga inajulikana. Udongo wa kichuguu unafinyangika vizuri kuliko huo unga. Uchotwe mahali pakavu, si kwenye maji ya mtaro, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mama Watatu:
Asanteni sana. Shangazi, nimekuelewa, ila unga ndio mtaji wangu. Nitatafuta udongo. Sasa nisaidieni saa zile niko jikoni, wakae na kitu kisichonihitaji.

Bibi wa Pangani:
Mwanangu, watengeneze bao. Omba dukani trei mbili za mayai, zile za mashimo 30. Ya kwanza kata safu moja ubaki na 4 kwa 6. Ya pili kata kipande cha 4 kwa 2, unganisha kwa uzi na sindano. Umepata mashimo 32, bao kamili. Kete 64 ni mbegu za ubuyu: wale ubuyu kwanza, mbegu zioshwe na kuanikwa. Waanze na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Wajukuu wangu walishika siku ya pili. Mdogo apewe kazi ya kupaka trei rangi, kete asishike.

Upepo ukiangusha kuti la mnazi usilitupe. Wafundishe kutengeneza saa ya mkononi, miwani na pangaboi. Kama hujui, muulize mtu mzima yeyote hapo mtaani aliyekulia pwani.

Mama Watatu:
Shikamoo Bibi. Narudi na majibu baada ya siku sita. Bao ndilo limeniokoa, asubuhi napika na nasikia wakihesabu tu. Wa miaka 6 amemfunga kaka yake mara mbili, na kaka ameomba nimfundishe kufikiria mbele, nami sijui bao, kwa hiyo jioni tunajifunza wote. Kipima leo kimesoma 34. Mdogo amefinyanga vitu anavyoviita maandazi, vimejaa dirisha zima.

Mwalimu, choroko za kabatini ni ndefu, nyembamba, za manjano. Za dirishani ni fupi na kijani. Mkubwa anataka kuzitoa gizani. Zitageuka kijani?

Mwalimu wa Chekechea:
Zitageuka, ndani ya siku moja mbili, ila urefu hautapungua. Usimwambie. Aandike kwanza anavyodhani.

Mama Watatu:
Ameandika: "Zitakuwa kijani lakini zitaanguka." Tumeziweka dirishani sasa hivi.