Ushauri wenu wakuu: shairi la kumbukumbu, jahazi au ua?

Kalamu_Butu:
Habari za jioni wakuu. Familia imenipa jukumu la kutunga shairi la kumbukumbu ya kaka yangu, anatimiza mwaka. Litasomwa Ijumaa baada ya dua makaburini, kisha ligawiwe kwenye kadi. Usingizi sipati. Shangazi anataka nimfananishe na ua, kama Shaaban Robert alivyomlilia mkewe Amina. Mimi nimekwenda na jahazi. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Kaka, jahazi lafika, bandarini limetua,
Nanga chini imeshika, tanga umelifungua,
Tufani imekatika, na kiza kimepungua,
Sasa, kaka, pumzika, Mola amekuchukua.

Swali ni moja tu: jahazi linafaa, au nirudi kwenye ua? Nina haraka.

Mzee_wa_Vina:
Nimehesabu kwa vidole, nane kwa nane mistari yote, vina vya kati "ka", vya mwisho "ua". Hongera, maana vijana siku hizi mnatuletea aya mnaziita shairi. Ila "lafika" na "limetua" ni jambo moja, umelirudia kuziba mizani. Nimeliona.

Bi_Arusi_Mstaafu:
Pole sana mdogo wangu. Mume wangu alipofariki, shemeji alisoma shairi la "nyota imezimika". Watu wakalia mpaka basi. Mimi nilikuwa nawaza nani kala hela ya rambirambi. Hadi leo nikisikia nyota nakumbuka laki tatu zangu.

Abu_Nasaha:
Mashairi makaburini mmeyatoa wapi? Mwombeeni dua, inamtosha.

Kiroboto:
Mimi nikidanja andikeni "kakata moto". Kadi ndogo, gharama ndogo.

Ticha_wa_Zamani:
Kiroboto anatania, lakini "kakata moto" nayo ni sitiari. Hata "kufariki" asili yake Kiarabu, ni kutengana. Mbele ya wafiwa neno "kufa" tunalizunguka kama shimo, na kila njia ya kulizunguka inasema lake. Ua la Shaaban Robert limefunga baada ya kuchanua: uhai ulikuwa mfupi, lakini ulichanua. Jahazi kufika bandarini ni habari nyingine, hapo safari imetimia. Mwingereza Tennyson alitunga la namna hiyo mwaka 1889, anavuka fungu la mchanga kwenye mlango wa bandari akitumaini kumwona Rubani wake uso kwa uso. Alikuwa na miaka 80. Kaka yako alikuwa na umri gani, na alifariki kwa nini?

Kalamu_Butu:
Asante Ticha. Miaka 31. Sababu si muhimu, nauliza picha tu.

Ticha_wa_Zamani:
Bila sababu picha siwezi kuipima. Sema.

Kalamu_Butu:
Haya. Alikuwa mvuvi. Walitoka wanne, wakarudi watatu. Mwili haujapatikana. Lakini hiyo ndiyo sababu ya jahazi! Bahari ilikuwa maisha yake, mlitaka nimwandikie baiskeli? Halafu kadi 150 nimeshazilipia kwa mpiga chapa.

Mama_Wawili:
Subiri kidogo. "Nanga chini imeshika"? Mama yenu umemsomea huo mstari?

Kalamu_Butu:
Nilimsomea wa kwanza tu. Akaniuliza, "Bandari gani?" Nikajua hajaelewa sitiari, nikamweleza.

Kiroboto:
Ukamweleza mama sitiari. Aisee.

Mlamu_wa_Bara:
Kwetu tuna utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Naye anauita ulimwengu bahari yenye matumbawe. Lakini akifika kwa matajiri wa kisiwa cha Pate waliokufa hawapakii chomboni. Anaingia nyumbani mwao: madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege, mende wanavuma vyumbani, bundi anakoroma. Huambiwi kitu, unajionea. Babu alikuwa akinisomea hapo usiku, nami choo kilikuwa uani. Nilikuwa najibana hadi alfajiri.

Jasusi_Mwandamizi:
Wakuu, mnachezewa. Bandiko la kwanza: dua makaburini. Bandiko la tatu: mwili haujapatikana. Kaburi la nani basi? Huyu ni mwanafunzi. Swali lake ni "Jadili tamathali za semi zinavyochora kifo", na Ticha keshamfanyia nusu. Mwezi jana kuna mwingine alimuua bibi yake humu humu ili apate insha.

Bi_Arusi_Mstaafu:
Ee kweli! Nirudishie pole yangu.

Kiroboto:
Ticha, malizia, umsahihishie na maksi umpe.

Ticha_wa_Zamani:
Nimesahihisha insha miaka mingi. Mwanafunzi angeniuliza tofauti ya tashbihi na sitiari. Huyu kauliza kuhusu shangazi.

Kalamu_Butu:
Kaburi ni la baba. Tutasomea hapo kwa kuwa pengine hatuna. Mama hataki hata neno "marehemu" kwenye kadi, tumegombana wiki nzima. Ndara za kaka ziko mlangoni mpaka leo. Ukizisogeza ufagie, anazirudisha, anazielekeza ndani kama za mtu aliyekwisha kuingia. Ningekuwa mwanafunzi ningechagua swali jepesi.

Jasusi_Mwandamizi:
Niwie radhi mkuu. Lakini mbona ulificha?

Kalamu_Butu:
Nilijua mtaishika nanga.

Abu_Nasaha:
Mungu awape subira. Na mama mwacheni na ndara zake.

Mzee_wa_Vina:
"Ndara zako mlangoni." Nane. Nimehesabu tu.

Kalamu_Butu:
Hapana mzee. Mama atakaa mbele kabisa, nitausomaje mstari huo huku ananitazama? Kesho asubuhi nampigia mpiga chapa, nikikuta hajaanza naitoa nanga. Jahazi linabaki. Nani ana kipande cha mizani nane kinachoishia "ka"?