Buenos días inaisha saa ngapi?

Kutoka: mdogo wenu, Zaragoza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Nimeanza kazi ya kutunza wazee, zamu ya mchana hadi usiku. Kwenye darasa la Kihispania tulifundishwa buenos días ni asubuhi, buenas tardes mchana na jioni, buenas noches usiku. Mtaani naona mengine. Saa saba na nusu mchana watu bado wanaitikiana buenos días. Saa mbili na nusu usiku mzee ananipokea kwa buenas tardes, na kweli jua bado linawaka. Mwenzangu wa kazi kutoka Colombia, saa sita ikishafika tu anahamia tardes. Nimfuate nani? Na buenas noches naweza kuisema ninapoingia, au ni ya kuagana tu kama usiku mwema?

Kutoka: dada yenu, Valencia

Marahaba mdogo wangu, karibu Hispania.

> Nimfuate nani?

Mfuate mzee wako. Hapa kinachofunga asubuhi ni chakula cha mchana, nacho huliwa kati ya saa nane na saa tisa na nusu. Kabla ya hapo bado ni mañana, yaani asubuhi, ndiyo maana utawasikia wakisema las doce de la mañana kwa saa sita ya adhuhuri. Ukimwambia mtu buenas tardes saa saba na nusu hatachukia, ila anaweza kukujibu buenos días na kuongeza que todavía no he comido, yaani yeye bado hajala. Mwenzako wa Colombia naye hakosei: kwao watu hula mapema zaidi na salamu hubadilika adhuhuri. Wazee wanaijua lafudhi yake, watamwelewa.

Hilo la chakula lishike hata kwenye miadi. Mtu akikwambia muonane al mediodía, yaani adhuhuri, muulize saa kamili, maana huenda anafikiria saa nane. Na akitaja las siete de la tarde, kwa hesabu yetu ni saa moja jioni.

Jioni, kinachoweka mpaka ni mwanga, pamoja na chakula cha usiku, ambacho huliwa saa tatu au saa nne. Sisi tumekulia kwenye jua linalozama karibu saa ileile mwaka mzima. Madrid mwisho wa Juni linazama saa tatu na dakika arobaini na kitu usiku. Desemba limeshazama kabla ya saa kumi na mbili. Na saa yenyewe imesogezwa: mwaka 1940 Hispania ilipeleka saa mbele ili iende na Ulaya ya kati, na haikuirudisha tena, ingawa nchi iko magharibi, usawa wa Uingereza. Kwa hiyo kiangazi sema tardes mpaka giza lianze kuingia. Majira ya baridi, saa mbili usiku sema noches bila wasiwasi.

Na ndiyo, buenas noches ni ya kuingilia na ya kuagana pia. Watu wa pwani ichukulieni kama masalkheri.

Ukikwama katikati, ipo buenas peke yake, au hola, buenas. Dukani, kwenye lifti, kwa jirani, inatosha saa yoyote. Ila kwa wazee unaowatunza nakuomba usiizoee. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na naamini salamu kamili ni sehemu ya huduma. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akilala baada ya chakula, anaamka saa kumi na mbili jioni hajui kama ni alfajiri au usiku, hasa majira ya baridi, nje kiza. Washa taa, simama mahali anapokuona, mtaje jina, umwambie: Buenas tardes, doña fulani, son las seis de la tarde, ahora merendamos. Hapo umempa wakati, umempa heshima, na ameshajua kwamba kinachofuata ni kitafunio cha jioni. Ndipo umguse. Ukiingia na buenas ya haraka ukaanza kuvuta shuka, anashtuka, na ana haki ya kushtuka.

Shikamoo hawana, heshima wanaiweka kwenye usted, yaani "wewe" ya heshima, na kwenye don au doña mbele ya jina la kwanza. Anza na usted. Akipenda mwenyewe atakwambia tutéame, yaani umwite tú, "wewe" ya kawaida.

Kingine, chumba kizima husalimiwa. Ukiingia kwenye chumba cha kusubiri pale kituo cha afya, sema buenos días kwa wote hata kama humjui mtu. Ukitoka, hasta luego, yaani tutaonana, hata kama hamtaonana tena. Hilo kwetu si geni. Ila ¿qué tal? (habari?) hujibiwa bien, ¿y usted? (nzuri, na wewe?) na mambo yanaendelea. Usingoje uulizwe habari za nyumbani na za watoto, hawajakudharau.

Kutoka: kaka wa Las Palmas

Nakubaliana na dada, hasa hapo kwa wazee. Naongeza matamshi, kwa sababu mzee asiyesikia vizuri anahitaji sauti safi. Bahati nzuri sauti nyingi tunazo. D ya adiós hulainika kama dh ya dhahabu, ñ ya mañana ni ny ya nyumba, ch ya noches ni ch ya chai, na h ya hola haitamkwi kabisa. Gracias huko bara wengi huitamka kwa th ya thamani. Huku visiwani ni s. Usiseme buenas días: día ni ya kiume ingawa inaishia na a.

Na mkitupigia simu kumbukeni Canarias tuko nyuma yenu kwa saa moja.

Kutoka: Barcelona

Kwa walioko mikoa yenye lugha zake: huku kwa Kikatalani ni bon dia, bona tarda, bona nit. Dada wa Valencia atakuwa anasikia bona vesprada. Kwa Wabaski ni egun on, arratsalde on na gabon, na wakiagana agur, hata wanapoongea Kihispania. Galicia ni bos días, boas tardes, boas noites. Jifunzeni hata moja. Nimemwona bibi aliyekuwa kimya asubuhi nzima akianza kuongea kwa sababu ya bon dia.

Kutoka: mdogo wenu, Zaragoza

Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali dogo: kwenye simu na barua pepe kwa familia ya mzee?

Kutoka: dada yenu, Valencia

Ukipiga, atakayepokea atasema ¿sí? (ndiyo?) au dígame (niambie). Wewe salimia kwanza kwa wakati, jitambulishe kwa soy (mimi ni) na jina lako, kisha taja unapofanyia kazi. Barua pepe anza na Buenos días au Buenas tardes kwa saa unayoandika, halafu nukta mbili, si mkato. Kama ni ofisi, Estimada señora au Estimado señor. Na kama si dharura, usiwapigie kati ya saa nane na saa kumi mchana, wala baada ya saa nne usiku. Andika ujumbe, watakujibu.