Naomba ushauri: dozi ya pili ya chanjo ya mafua kwa watoto wenye saratani

Habari za kazi wapendwa, hasa wauguzi na madaktari wa watoto.

Kliniki yetu ya saratani ya watoto hapa Tanzania inatoa chanjo ya mafua ya sindano, yenye virusi vilivyouawa. Ile ya kupuliza puani ina virusi hai, hatuigusi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zipishane angalau wiki 4. Ya kwanza wengi wanapata. Ya pili ndiyo inapotea: siku ikifika mtoto ana homa kali au platileti (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka, daktari anaandika "aje akipata nafuu", basi, imeishia hapo. Na kwa kuwa chanjo hii haimo kwenye ratiba ya taifa, hata kadi ya kliniki haina nafasi yake.

Tumeshabandika karatasi nyekundu kwenye majalada, na tunachanja siku ileile ya kemo (matibabu ya saratani kwa dawa) ili mzazi asilipe nauli mara mbili. Platileti zikiwa chini tunatumia sindano nyembamba, geji 25, kisha tunakandamiza dakika 2 bila kusugua. Imesaidia kiasi, ila waliolazwa wodini bado wanatuponyoka.

Naombeni mnisaidie: kwenu nani hukagua dozi ya pili kabla ya kemo, muuguzi au mfamasia anayechanganya dawa? Na wazazi na ndugu wanaoishi na mtoto mnawachanjaje, ikiwa chanjo inabidi wainunue wenyewe?