Ninaanza ubingwa wa uzazi Marekani Julai, naomba ushauri

Kutoka: daktari mgeni, Ohio

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Namshukuru Mungu, mwezi Machi nilipata nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, miaka 4, kwa viza ya J-1, ile ya wageni wanaokuja kwa mafunzo. Nakuja na mume wangu na mtoto mdogo. Tangu nikiwa intani Mwanza lengo langu ni moja: mama asife kwa kutoka damu baada ya kujifungua nami nipo pale. Nataka kurudi nyumbani nikiwa fundi wa upasuaji, hasa wa matundu madogo. Mliotangulia, mlipangaje maisha?

Jibu: dada wa Minnesota, mwaka wa nne

Marahaba mdogo wangu, hongera sana.

Kanuni ni saa 80 za kazi kwa wiki, ila huhesabiwa kwa wastani wa wiki 4, kwa hiyo zipo wiki utakazovuka. Zamu ndefu ni saa 24, na zinaweza kuongezeka 4 za kukabidhi wagonjwa. Pangeni karibu na hospitali hata kama kodi iko juu. Kuendesha gari kwenye theluji baada ya zamu kama hiyo ni hatari ya kweli. Mtoto mtafutieni malezi mapema, maana raundi ya asubuhi huanza kabla vituo vingi havijafunguliwa.

Sasa hilo lengo lako, ambalo limenigusa. Utatakiwa kuandikisha angalau uzalishaji wa kawaida 200 na wa upasuaji 145 kabla ya kuhitimu. Hizo zitapatikana. Kinachozidi kuwa adimu huku ni upasuaji wa kufungua tumbo na kutoa kizazi kupitia ukeni, kwa sababu kamera na roboti zimechukua nafasi. Upasuaji wa matundu madogo jifunze kwa bidii, tena una mtihani wake, lakini unahitaji kamera, gesi na vifaa ambavyo hospitali nyingi za wilaya nyumbani hazina. Kila kesi ya tumbo wazi ikitokea, omba uingie, hata kama si zamu yako ya upasuaji. Na usimalize mwaka wa pili hujashona mshono wa B-Lynch kwa mkono wako. Aliyeubuni ni daktari mzaliwa wa Sierra Leone aliyefanya kazi Uingereza, akauchapisha mwaka 1997. Unabana kizazi kilicholegea kwa uzi tu, na mama huweza kubaki na kizazi chake. Huo ndio ujuzi utakaoufikisha Mwanza bila kusubiri kontena la vifaa.

Jibu: kaka wa Texas, mume wa daktari

Shemeji yetu, mumeo, aombe kibali cha kazi mara tu mkifika. Mwenye J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, anaruhusiwa, ila majibu huchukua miezi. Wewe mwenye J-1 huruhusiwi kuchukua vibarua vya ziada, kwa hiyo bajeti yenu ipigeni kwa mshahara wako peke yake kwanza.

Mkimaliza, sharti la J-1 ni kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu huku. Wanaotaka kubaki huomba kusamehewa sharti hilo kupitia mpango uitwao Conrad 30, nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, kisha hufanya kazi miaka 3 kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari. Wewe umeshasema unarudi. Lizungumzeni hilo na mumeo sasa, kabla mtoto hajaanza shule huku.