Uongozi wa jumuiya ya wanasheria wa ajira: je, zamu kati ya mawakili wa waajiri na wa wafanyakazi inafaa?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mjumbe wa kamati tendaji ya jumuiya ya kitaaluma ya wanasheria wa ajira, na pamoja na wenzangu nimekabidhiwa kazi ya kuandaa marekebisho ya sura ya uongozi katika katiba yetu kabla ya mkutano mkuu ujao. Wanachama wetu ni mchanganyiko: wapo mawakili wanaowatetea waajiri, wapo wanaowatetea wafanyakazi mmoja mmoja au kupitia vyama vyao, wapo wasuluhishi na waamuzi, wapo wahadhiri, na wapo wanasheria walioajiriwa ndani ya makampuni. Kwa muda mrefu mchanganyiko huo haukutusumbua, kwa sababu kazi kubwa ya jumuiya ilikuwa semina, jarida na mkutano wa mwaka, na mwenyekiti alikuwa mtu wa kufungua mkutano na kuufunga.

Hali ilibadilika ulipowasilishwa muswada wa kurekebisha masharti ya kuachishwa kazi. Mwenyekiti aliyekuwapo, ambaye ofisi yake huwatetea waajiri, alitia saini maoni yaliyopelekwa bungeni kwa jina la jumuiya, akiunga mkono kushushwa kwa ukomo wa fidia. Kamati tendaji haikuyaona maoni hayo kabla hayajapelekwa. Tangu hapo wanachama wengi wa upande wa wafanyakazi wameacha kulipa ada, na baadhi yao wanazungumzia kuanzisha jumuiya yao wenyewe.

Sasa tuna wagombea wawili, mmoja kutoka kila upande, na kila mmoja ana watu wanaoapa kwamba hawatamkubali mwenzake. Pendekezo lililo mezani ni zamu: kipindi kimoja mwenyekiti atoke upande wa waajiri, kinachofuata atoke upande wa wafanyakazi. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuongoza jumuiya za namna hii. Je, zamu inatibu tatizo au inaliahirisha? Na je, ni haki kumtaka mwenyekiti aache kushika kesi za aina fulani akiwa madarakani?

Wakili wa Zamani

Ndugu Mjumbe, wanachama wenu walijua ofisi ya mwenyekiti inamtetea nani siku walipompigia kura, na hawakulalamika. Walilalamika pale mtu mmoja alipoweza kusema kwa jina la wote bila kupita kwa yeyote. Zamu haizibi mwanya huo. Itampa mtu wa upande wa pili nafasi ya kufanya vivyo hivyo, naye atakuwa na mfano wa mtangulizi wake wa kujitetea nao.

Jumuiya za fani yetu zimefuata njia mbili, na zote mbili ni halali. Njia ya kwanza ni kuchagua upande waziwazi. Nchini Marekani, National Employment Lawyers Association, iliyoanzishwa mwaka 1985, ni ya mawakili wanaowatetea wafanyakazi, kwa hiyo viongozi wake hawahitaji kujieleza kwa wanachama kila wanapopinga au kuunga mkono sheria kwa sababu ya masilahi ya wafanyakazi. Njia ya pili ni kuwakusanya wote na kukubali kwamba mkikusanyika hivyo kuna mambo hamtayasema. Employment Lawyers Association ya Uingereza ina wanachama wa pande zote mbili, na inapotoa maoni kuhusu sheria inayopendekezwa hueleza kwamba si kazi yake kupima uzuri au ubaya wa sera yenyewe. Maoni yake hujikita katika suala la kama maneno yaliyoandikwa yatafanya kazi mbele ya mahakama na mahali pa kazi, nayo huandaliwa na vikundi vya wanachama vinavyofanya kazi chini ya kamati maalumu, badala ya kutoka mezani kwa mwenyekiti.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka mtu ajaribu kuitumia. Chukulia muswada unaopunguza muda wa kufungua lalamiko baada ya kuachishwa kazi. Kama muda mfupi ni haki au si haki, hilo ni suala la sera, na mkiliingia mtagawanyika kabla ya chai. Lakini muswada huohuo unaweza kuwa haujasema kama muda unaanza kuhesabiwa tangu siku ya kupokea barua au tangu siku ya mwisho ya kazi, wala kama saa inasimama wakati pande mbili ziko kwenye usuluhishi. Wakili wa mwajiri na wakili wa mfanyakazi wote wataumizwa na ukimya huo, kwa sababu wote watatumia miezi kadhaa kubishana kuhusu tarehe kabla hawajafika kwenye madai yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa ukomo wa fidia: kiwango chenyewe waachieni wabunge, lakini ulizeni kama neno “mshahara” linaingiza posho na kamisheni, kwa kuwa huko ndiko kesi zitakakozaliwa. Maoni ya namna hiyo hutiwa saini na kila mtu, na waandishi wa sheria huyasoma kwa makini zaidi, wakijua kwamba yametoka kwa watu ambao kwa kawaida hawakubaliani.

Kuhusu kesi, sioni haki ya kumtaka mwenyekiti aziache. Hizo ndizo riziki yake, na ni kanuni ya msingi ya taaluma yetu kwamba wakili hahesabiwi kuwa na msimamo wa mteja wake. Mnachoweza kumtaka ni kutangaza mgongano wa masilahi kwa maandishi, kutoka nje ya mjadala pale jambo linapogusa kesi iliyo mikononi mwa ofisi yake, na kutoiruhusu jumuiya iombe kuwa rafiki wa mahakama, yaani kuisaidia mahakama kwa maoni bila kuwa upande wowote wa kesi, katika shauri ambalo ofisi hiyo inamwakilisha mdaawa. Ongezeni na hili, ambalo wengi hulisahau: cheo cha mwenyekiti kisionekane katika barua zake za madai. Nimewahi kupokea barua ya namna hiyo kutoka kwa wakili wa upande wa pili, na mteja wangu aliyeisoma aliamini kwamba jumuiya nzima ya wanasheria wa ajira inamdai.

Ofisi Ndogo

Nakubaliana na Wakili wa Zamani kuhusu saini. Hata hivyo ameitupa zamu haraka mno, na nadhani ni kwa sababu hajaitazama kutoka mahali nilipokaa mimi.

Uenyekiti wa jumuiya hizi kwa kawaida haulipwi. Katika ofisi kubwa zinazowatetea waajiri, saa ambazo wakili anazitumia kwa jumuiya huhesabiwa kama sehemu ya kujitangaza. Kuna wasaidizi wa kuandaa makabrasha, kuna ukumbi wa mkutano, na mwisho wa mwezi mshahara wake hautikisiki. Mimi nawatetea wafanyakazi, wengi wao wakiwa wameshapoteza kipato, na malipo yangu mara nyingi huja kesi inapokwisha, tena ikiwa tumeshinda. Saa ninayoitoa kwa jumuiya naitoa kwenye faili la mtu anayesubiri. Niliwahi kuombwa kugombea nikakataa kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo uchaguzi ulio huru kabisa kwenye karatasi unaweza kuzaa wenyeviti kutoka upande mmoja mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kufanya hila, na kisha tunaambiwa kwamba wa upande wa pili hawajitokezi.

Zamu ina faida moja: inailazimisha jumuiya ijiulize kwa nini hawajitokezi. Lakini ikiwekwa bila sekretarieti ya kulipwa, bila vikao vinavyopangwa nje ya saa za mahakama, na bila makamu mwenye majukumu yake kamili, itatupa mwenyekiti wa wafanyakazi aliyechoka na asiyehudhuria, halafu atatumiwa kuwa ushahidi kwamba upande ule hauwezi kuongoza. Udhamini nao utazamwe. Mkutano wa mwaka ukilipiwa na ofisi tatu kubwa, na ofisi hizo zikapewa nafasi za kuzungumza kwa sababu zimelipa, wanachama hawatajali sana mwenyekiti ametoka wapi, maana sauti ya jukwaani imeshajulikana ni ya nani.

Na kuhusu hiyo kanuni ya kutogusa sera, naiona inafaa lakini siiamini kama anavyoiamini mwenzangu. Maoni ya kiufundi nayo huchagua. Ukitaja kasoro tano zinazomsumbua mwajiri na kuiacha ya sita inayomsumbua mfanyakazi, umeshatoa maoni ya sera, isipokuwa hukuyaita hivyo.

Msuluhishi

Nachangia kwa ufupi, kwa sababu katika mijadala ya namna hii lazima atokee mtu wa kusema: basi mwenyekiti awe siku zote msuluhishi au jaji mstaafu. Mimi ni msuluhishi, nami nawaomba msifanye hivyo. Wanachama wenu huja mbele yangu na kesi zao. Yule aliyenipigia kura, na yule aliyenipinga, wote watakuwa na jambo la kunitilia shaka. Zaidi ya hapo, mtu wa nafasi yangu hawezi kusema chochote cha maana kuhusu muswada ambao kesho utakuwa sheria ninayoitumia kazini. Mtapata kiongozi anayeheshimiwa na asiyeweza kufungua mdomo.

Wengine hutoa mfano wa Shirika la Kazi Duniani, ambalo tangu mwaka 1919 limejengwa juu ya makundi matatu, na ambalo Baraza lake la Uongozi lina wajumbe kamili 56: 28 wa serikali, 14 wa waajiri na 14 wa wafanyakazi. Mfano huo ni mzuri kwa shirika lile. Mjumbe wa pale ametumwa na kundi lake na ana wajibu wa kulisemea. Mwanachama wa jumuiya ya kitaaluma hakutumwa na mtu. Yupo kwa sababu ya ujuzi wake. Mkiandika katika katiba kwamba kiti hiki ni cha waajiri na kile ni cha wafanyakazi, mtakuwa mmewageuza mawakili kuwa wajumbe wa wateja wao, na hilo hamtaliondoa kirahisi. Afadhali kusawazisha pande chini, kwenye kamati. Kitengo cha sheria za kazi na ajira cha American Bar Association, chama cha wanasheria cha Marekani, huziweka kamati zake chini ya wenyeviti wenza wanaotoka pande tofauti, na watu wanaozoea kuandika pamoja huko ndio baadaye huaminika kupewa kiti cha juu.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru nyote. Tumekaa na wenzangu tukaandika rasimu, nami naileta hapa muikosoe.

Kwanza, maoni kuhusu sheria yatatolewa kwa jina la jumuiya endapo tu yamepitishwa na theluthi mbili ya kamati ya sheria, ambayo haitakuwa na zaidi ya nusu ya wajumbe wake kutoka upande mmoja. Waliopinga watakuwa na haki ya kuambatisha maelezo yao. Pili, mwenyekiti na makamu hawatatoka upande mmoja, na makamu atashika uenyekiti moja kwa moja kipindi kikiisha, ili zamu ipatikane bila kuandikwa. Tatu, sehemu ya ada italipia ofisa wa sekretarieti, na wadhamini hawatakuwa na kauli juu ya nani anazungumza mkutanoni. Kinachotutatiza ni pale bunge linapotoa muda mfupi sana wa kupokea maoni, kwani mwenyekiti wa zamani alijitetea kwa hoja hiyohiyo ya haraka.

Wakili wa Zamani

Rasimu ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa muda mliokuwa nao. Ina matundu kadhaa.

Fanyeni hesabu ya kifungu cha kwanza. Kamati ikiwa na wajumbe 12, upande mmoja unaweza kuwa na sita, na theluthi mbili ni wanane. Upande huo ukiwapata wahadhiri wawili tu, umepitisha maoni ambayo upande wa pili wote umeyakataa, na jumuiya imerudi ilikotoka, safari hii kwa baraka za katiba. Andikeni kwamba miongoni mwa waliokubali lazima wawemo walau wawili kutoka kila upande. Semeni pia kama ni theluthi mbili ya wajumbe wote au ya waliohudhuria, maana mkinyamaza, mtu atasubiri siku ya akidi ndogo. Jambo hilohilo litajibu wasiwasi wa Ofisi Ndogo kuhusu kasoro ya sita: wawili wa upande wake hawatakubali mpaka iandikwe.

“Upande” nao haujafafanuliwa. Napendekeza kila mgombea atangaze mwenyewe kama aliwatetea waajiri au wafanyakazi katika sehemu kubwa ya kazi zake za miaka miwili iliyopita, na asiyekuwa na upande, kama mhadhiri, aruhusiwe kusema hana.

Kuhusu muda mfupi, msiweke njia ya mkato hata moja. Kamati ikishindwa kukutana, jumuiya haitoi maoni, na mwanachama yeyote, akiwemo mwenyekiti, yuko huru kupeleka yake kwa jina lake bila kutaja cheo. Sijaona muswada wa ajira ulioharibika kwa sababu jumuiya moja ilinyamaza.

Makamu kurithi moja kwa moja kunawanyima wanachama nafasi ya kumkataa makamu aliyeshindwa kazi, kwa hiyo wekeni kura ya kumthibitisha katika mkutano mkuu, ya ndiyo au hapana, bila mpinzani. Na kwa kuwa wagombea wenu wawili wanatoka pande tofauti, kifungu cha mpito kinaweza kusema kwamba atakayepata kura nyingi aanze kama mwenyekiti na wa pili awe makamu wake, mradi wote wawili wawe wamekubali kwa maandishi kabla ya kura kupigwa.