Naomba ushauri: hedhi ilikoma zamani, sasa natokwa na damu baada ya tendo la ndoa

Mama_Chumbageni: Habari zenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 57, na hedhi yangu ilikoma nikiwa na 52. Tangu mwezi wa Shaaban, kila ninapokutana na mume wangu naona damu, mara tone, mara ya kulowesha kanga, na ndani nahisi kukwaruzwa kama kwa msasa. Anayejua mafuta mazuri ya kulainisha anitajie, kwa kuwa nina hakika ni ukavu wa umri tu.

Kombe_la_Chai: Mafuta ya nazi, bibie. Shangazi yangu aliolewa tena akiwa na miaka 60 na mzee wa Pangani mwenye mashua mbili, tukala pilau siku tatu, na hayo mafuta ndiyo yaliyomsitiri. Mashua moja baadaye ilibainika kuwa ya mkopo.

Mkunga_Mstaafu: Dada yangu, ukavu ndio sababu ya mara nyingi, kwani estrojeni, ile homoni ya kike, ikipungua kuta za uke huwa nyembamba na huchubuka upesi. Lakini damu huweza pia kutoka kwenye kinyama kilichoota mlangoni mwa kizazi, kwenye maambukizi, kwenye ukuta wa mji wa mimba ulionenepa au kwenye saratani, na kwa macho yako zote zitafanana. Je, kuna kitu unachoweka ukeni? Na je, damu hutoka hata siku ambazo hamjakutana?

Mama_Chumbageni: Sikutaka kulisema hadharani, ila natumia shabu ya kusaga, lile jiwe jeupe la kukaza, kama alivyonifunda somo yangu, na nimezaa watoto wanne nikiwa nayo bila tatizo. Tena nimekwisha kulipia dawa ya mizizi ya siku 21, zimebaki tisa, na si busara kuikatiza. Mwaka 2019 nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kupakwa siki nikaambiwa niko salama.

Mzee_wa_Hekima: Katika umri huu mngekuwa mnakumbushana sala, si mambo haya.

Binti_Mnyanjani: Mzee wangu, shikamoo, lakini dini haijaweka umri wa kustaafu kitandani.

Mkunga_Mstaafu: Shabu hukausha na kuchubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba, kwa hiyo iache leo. Kipimo cha 2019 kilikuwa cha siku ile, na kwa aliyekoma hedhi siki haitoshi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani ya mlango wa kizazi.

Jicho_Kali: Mniwie radhi, mimi nanusa biashara. Anakumbuka mwaka wa kipimo na siku za dozi zilizobaki, lakini swali la pili amelikwepa. Kesho ataibuka mtu mwenye jina la hiyo mizizi na namba ya simu.

Kombe_la_Chai: Kama ni tangazo, basi muuzaji amesahau bei.

Mama_Chumbageni: Sina cha kuuza, mwanangu. Nililikwepa kwa sababu jibu lake ni ndiyo. Mara mbili mwezi huu nimeamka nikakuta doa kwenye shuka, na mume wangu alikuwa Pemba wiki nzima. Yeye hajui.

Mkunga_Mstaafu: Asante kwa kusema. Sasa hili si suala la mafuta tena. Daktari atatazama mlango wa kizazi, kisha ataagiza ultrasaundi ya kupima unene wa ukuta wa mji wa mimba, na ukizidi milimita 4 kwa kawaida huchukuliwa kipande kidogo kikachunguzwe. Mwambie pia kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukiwa ni ukavu, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, ila usiianze kabla ya kupimwa. Kinyama huondolewa, mara nyingi bila kulazwa. Na ikiwa ni saratani, ile iliyowahiwa hutibika kwa upasuaji au mionzi, ndiyo maana nakuharakisha.

Jicho_Kali: Mama, nisamehe.

Mama_Chumbageni: Umesamehewa. Nitakwenda nikimaliza hizo siku tisa.

Mkunga_Mstaafu: Nenda kesho, na hiyo chupa ya mizizi uibebe daktari aione.

Mama_Chumbageni: Kesho ni siku ya gulio. Nitakwenda keshokutwa.

Mkunga_Mstaafu: Keshokutwa saa mbili asubuhi, bila shabu na bila kujiosha ndani.